Mgonjwa ni Laptopu

Jumatatu, 3 Februari

Kwako Mama Bisibisi,

Baada ya salamu, mimi ni mzima kabisa. Mgonjwa ni laptopu.

Walionitangulia kukujua wameniambia kwamba hupokei simu za wateja wala huwapigii, na kwamba boksi lisilo na barua ndani unalirudisha stendi bila kulifungua. Sababu yako pia nimeambiwa na nimeipenda: kwenye simu mtu huropoka, kwenye karatasi hufikiri kwanza. Basi nimekaa, nimefikiri, na barua ndiyo hii.

Mimi ni mwashi. Watu huniita Timazi. Nikueleze kwa nini, maana jina hilo ndilo mali yangu kubwa. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma ambao waashi huuning'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Mimi sina, na sijawahi kuwa nao. Nafumba jicho la kushoto, nautazama ukuta kwa la kulia, na ukiwa umelala hata unene wa ukucha nauona. Waashi wenzangu wakibishana kuhusu ukuta wananiita mimi.

Laptopu ni ya mchezo. Ukitaka kucheka mzee anayecheza, cheka sasa umalize. Binti yangu, kitinda mimba, anafua na kupiga pasi mashuka kwenye hoteli kubwa nchi ya mbali. Kabla hajaondoka aliniachia laptopu hii akanifundisha mchezo wa wapiga mishale wawili wanaolinda ngome. Kila Jumamosi mchana tunaingia pamoja, yeye huko, mimi huku, spika masikioni. Nikimpigia simu ya kawaida ananiambia, "Niko salama, Baba," kisha anaaga. Lakini katikati ya mishale anasahau kujificha. Hapo ndipo nilipojua kwamba msimamizi wake anamwonea, hapo ndipo nilipomsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Kwa hiyo hicho ulichokipokea usikione kama kitu cha kuchezea. Kikifa, nitabaki na "niko salama" tu.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mnara wa ngome umepinda. Mnara ule naufahamu vizuri, na nikuambie kama fundi kwa fundi, umejengwa ovyo, matofali yake hayapokezani hata kidogo, kiungo kimekaa juu ya kiungo, lakini siku zote ulikuwa wima. Sasa nikiinua upinde nikalenga, kona yake inakunjamana, na mahali ninapolenga pana doa la ukungu kama mtu kapitisha kidole chenye mafuta. Siku ya kwanza nilishtuka nikadhani maadui wamepata silaha mpya. Kioo nimekifuta mpaka mama watoto akaniuliza kama nataka kukitoboa.

Binti anasema kwake mnara umenyooka. Halafu ananitania kwamba nafumba jicho moja nikilenga, kama mshale wa kwenye kompyuta ni wa kweli. Ni mazoea ya ukutani, hayaachiki. Ameuliza wenzake huko wanaojua michezo, wamemwambia picha ikipinda na kuweka madoa hivyo, kadi ya picha imechoka. Nibadilishe, niweke yenye nguvu zaidi.

Basi badilisha. Jumamosi mbili bila mwanangu nitazivumilia, ya tatu sijui.

Ni mimi,
Timazi


Ijumaa, 7 Februari

Mzee Timazi,

Nimefungua laptopu yako nikalazimika kukaa chini. Katika kazi hii nimekuta mende, nimekuta punje za mchele, nimekuta pete ya ndoa ya mtu ambaye sikumuuliza zaidi. Saruji sijawahi kuikuta. Feni zote mbili zimeganda. Unaiweka wapi hii laptopu, kwenye toroli? Nimeikwangua kwa mswaki na brashi ya rangi, nikapiga chafya mpaka jirani yangu muuza viatu akaja kuniangalia.

Baada ya kukugombeza, nikupe habari njema. Bahati yako ni uzee wa mashine. Hizi laptopu nyembamba za siku hizi, kadi ya picha, yaani ya grafiki, imechomelewa kwenye bodi kuu. Ikifa, unazika zote mbili kaburi moja. Yako ni ya zamani, zile nene za kuvunja meza, na kadi imekaa kwenye kibao chake peke yake. Unafungua skrubu nne, unaichomoa, unachomeka nyingine.

Ila si nyingine yoyote. Lazima matundu ya skrubu yalingane na bamba la shaba linalonyonya joto, na lazima laptopu yenyewe ikubali kuitambua, maana hizi za zamani zina kiburi. Ukizipa kadi zisiyoijua zinakaa giza, hazisemi neno. Nimejaribu mbili zikakataliwa. Ya tatu, niliyoitoa kwenye laptopu ya ukoo huohuo iliyoangushwa ngazini, imekubaliwa. Ina nguvu karibu mara mbili ya ile ya zamani. Nimeiwekea dawa mpya ya kupitisha joto na imetulia.

Kuna jambo moja lilinitatiza, nalo nakuandikia kwa sababu kwangu hakifichwi kitu. Kabla ya kuitoa kadi ya zamani niliiwasha, nikaingia kwenye ngome yenu, nikautazama huo mnara. Sikuuona umepinda. Lakini kadi zinazochoka zina tabia hiyo, zikipoa zinakuwa na adabu, zikichemka zinaanza vituko. Na kwa saruji ile, yako ilikuwa inachemka kama chungu. Nimejiridhisha hivyo.

Kadi ya zamani nimekurudishia kwenye bahasha. Mimi natoa kitu kimoja, naweka kingine, najaribu, halafu naendelea na kinachofuata. Tukiona bado kuna kosa, la kufuata ni kioo. Msalimie binti.

Mama Bisibisi


Jumapili, 16 Februari

Mama Bisibisi,

Nimeshtuka, na sipendi kushtushwa na mtu niliyemwamini.

Nilipoiwasha nilikusifu kwa sauti, mama watoto ni shahidi. Feni hazipigi kelele. Nyasi za nje ya ngome zinayumba, na maadui sasa wana ndevu, jambo ambalo sikulijua. Nikasema huyu mama ni fundi. Nikainua upinde, nikalenga mnara. Umepinda. Umepinda kuliko mwanzo, na lile doa la ukungu sasa ni jeusi, limekaa palepale ninapotaka kupiga.

Jumamosi tulicheza na binti nikakosa shabaha zote. Yeye naye alikuwa anakosa, akasema labda ni siku mbaya. Nilikata mapema nikamdanganya kwamba laptopu imezimika na naileta tena kwako. Akiandika kukuuliza, mwambie bado iko kwako. Sitaki mwanangu anione hivi.

Sikiliza, mimi pia ni fundi, najua janja za mafundi. Kadi uliyoniwekea ilitoka kwenye laptopu iliyoanguka ngazini, umesema mwenyewe. Umefukua maiti moja ukaipandikizia nyingine. Na kama hukubadilisha kitu, ukapangusa saruji tu na kuandika barua tamu, Mungu anakuona.

Wiki hii naona dunia nzima imeamua kupinda. Mwenzangu wa siku nyingi kazini, tunamwita Kifusi, alinyanyua ukuta wa chumba kimoja, nikaufumbia jicho, nikaona umetoa tumbo katikati. Akaning'iniza uzi wake akasema uko wima. Nikamwambia uzi wako umeshikwa na upepo, bomoa. Akabomoa. Matofali nayo siku hizi yanakuja yamepinda kutoka tanuruni. Kila mtu anafanya kazi ovyo, na sasa na wewe.

Usije ukasema ninasingizia. Ushahidi huu hapa. Nimepiga picha kioo kwa simu, mnara ukiwa katikati, nikaenda dukani wakaichapa kwenye karatasi ngumu. Nimeiweka mezani, nikafumba jicho la kushoto kama nautazama ukuta wangu mwenyewe, na hata hapo kwenye karatasi kona inaonekana imekunjamana. Nimeizungushia wino mwekundu ili usiseme hukuiona.

Nasubiri maelezo.

Timazi


Jumanne, 18 Februari

Mzee Timazi,

Nimekupigia simu. Mimi, ambaye simpigii mteja hata nyumba ikiwaka moto, nimekupigia asubuhi yote na hupokei, bila shaka kwa sababu namba huijui au kwa sababu umenikasirikia. Kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi mkononi na nimemwapisha akupe wewe, asiiache stendi. Isome ukiwa umekaa.

Picha yako imefika. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nakiri. Nikaitoa, nikaona duara lako jekundu, nikatafuta hapo ndani kona iliyokunjamana. Haipo. Mnara umenyooka. Nikachukua rula ya chuma nikailaza kwenye ule ukingo, kutoka juu mpaka chini, ukingo na rula vikalingana. Nikamwita muuza viatu, sikumwambia kitu, nikamuuliza anaona nini kwenye duara. Akasema anaona ukuta. Nikamuuliza umenyooka? Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, akasema umenyooka, kwani ulitakaje.

Nimekaa na ile picha mkononi na sikuweza kushika bisibisi tena mchana huo.

Mzee wangu, fikiri nami polepole. Karatasi haina kadi ya grafiki. Haina kioo, haina waya, haina umeme. Kama kosa lingekuwa kwenye kadi au kwenye kioo, simu yako ingelipiga picha likaja huku na mimi ningeliona. Halikuja. Umelizungushia wino, lakini limebaki hukohuko kwako. Kazi yangu ni kutoa kitu kimojakimoja mpaka kosa libaki halina pa kujificha. Tumetoa kadi. Picha imetoa kioo, imetoa laptopu nzima. Kitu ambacho hatujakitoa ni jicho lako la kulia.

Sikutukani. Fanya hivi sasa hivi. Tafuta kitu ulichokinyoosha mwenyewe na unachokiamini, vigae au nondo za dirisha. Funika jicho la kushoto, tazama. Halafu funika la kulia, tazama tena. Kama la kulia linakupindishia, usimalize siku bila kwenda hospitali ya macho, na uwaambie yote, mnara, doa, na kwamba limezidi kuwa jeusi. Mimi si daktari na sijui ni ugonjwa gani. Nikiwa nimekosea, njoo unicheke mbele ya wateja wangu na nitakuwekea kiti ukae vizuri.

Na nisijitoe. Mnara nilishauona umenyooka kwa kadi ya zamani, tangu siku ya kwanza, kwa macho yangu. Nikatafuta sababu ya kuamini maneno yako kuliko nilichokiona, kwa kuwa uliandika kwa uhakika, na wewe ni Timazi. Ningesimama palepale, ungekuwa umekwenda hospitali kabla ya doa kuwa jeusi. Hilo linaniuma.

Nakuomba kitu kimoja. Usilitetee jina lako leo. Litetee kesho.

Mama Bisibisi


Jumamosi, 22 Februari

Kwako Fundi,

Shikamoo. Mimi ni binti wa mzee anayeitwa Timazi, yule mwenye laptopu iliyojaa saruji. Anuani yako ya barua pepe nimeipata kwa mama, na mama ameniomba nisimwambie baba. Najua sheria yako kwamba mtu aandike, basi naandika kwa kompyuta ya hotelini, uchapishe ukipenda.

Baba anasema laptopu bado iko kwako. Jumamosi iliyopita tulicheza, ikazimika, akasema anairudisha. Leo nimeingia mchezoni mwenyewe, nikasimama pale ukutani na upinde, nafasi yake tupu. Sitaki kukusumbua. Nataka tu kujua kama kweli unayo.

Nauliza kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu. Mishale ya baba ilianza kwenda pembeni zamani, kabla hajalalamika kuhusu mnara. Baba yangu alikuwa hakosi. Mwanzoni nilifikiri ni laptopu, lakini mishale ilipozidi kupotea nikajiambia ni uzee. Nikaona haya. Utamwambiaje baba yako kwamba mkono wake umezeeka? Nikaanza kukosa na mimi, makusudi, ili tulingane. Akikosa mmoja, mimi nakosa wawili. Tulikuwa tunapoteza ngome na kucheka.

Sasa nikimpigia simu ananiambia yuko salama, na anaaga haraka. Fundi, hiyo sentensi naijua. Ni yangu. Kama kuna kitu unakijua, naomba usinionee huruma.

Ahsante,
Binti yake


Jumapili, 23 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimeweka mkono kichwani. Hayo ya mishale baba yako angepaswa kuyasikia mwanzo kabisa, lakini nani angethubutu.

Baba yako aliniomba nikuambie laptopu iko kwangu. Haiko kwangu. Laptopu ndiyo niliyo na mamlaka nayo, na haina kosa lolote, wala haijawahi kuwa nalo. Mengine si yangu kuyasema, na hata mimi nasubiri jibu lake na usingizi umeniruka.

Mpigie leo. Atakuambia yuko salama. Usikubali.

Mama Bisibisi


Jumatatu, 10 Machi

Kwako Mama Bisibisi,

Baada ya salamu, laptopu ni nzima. Mgonjwa nilikuwa mimi.

Nisamehe kukuchelewesha. Mama watoto alitaka akuandikie, nikamwambia aliyetukana ndiye aandike. Maiti niliyosema umeifukua, nairudisha kinywani mwangu.

Kondakta alinikuta kazini, akanipa barua yako mbele ya watu huku akiapa kwamba aliapishwa. Nilisoma nikakasirika. Nikarudi nyumbani katikati ya kazi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, kwa nia ya kukuumbua. Nikaingia bafuni, maana vigae vya bafu lile nilivipanga kwa mkono wangu, na mistari yake ni ya kuonyesha wageni. Nikafunika jicho la kushoto.

Mama Bisibisi, ukuta ulikuwa umebonyea. Mistari yangu ilikuwa inatembea kama nyoka, ikifika katikati inazama kwenye kitu cheusi. Nikafunika jicho la kulia, vikanyooka vyote, vikakaa safi kama siku nilipovipangusa. Nikafunika tena la kushoto. Nikarudia sijui mara ngapi, nikitumaini labda mkono unakandamiza vibaya. Nikaenda jikoni nikachukua mwiko, nikautumia kufunika, nikarudi. Mama watoto ndivyo alivyonikuta, nimesimama bafuni na nguo za saruji na mwiko usoni. Aliniuliza nina nini. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, naye akaisoma barua yako mkononi mwangu. Akaenda kuchukua kitambaa chake cha kichwa tukatoka.

Daktari ni mtu mkimya. Alinichungulia muda mrefu kwa mataa yake, kisha akaniambia kuna vijishipa nyuma ya jicho vinavuja, tena pale katikati penyewe pa kuonea. Jicho la kushoto lilikuwa linambebea mwenzake mzigo, ndiyo maana nikitembea na yote mawili wazi sikujua kitu. Aliniuliza niligunduaje. Nikamwambia mnara umepinda kwenye mchezo wa mishale, na fundi wa laptopu akaupima kwa rula. Aliacha kuandika akanitazama. Kisha akasema wengi wanakuja wakati hakuna tena cha kufanya, kwa sababu hawana mazoea ya kufumba jicho moja.

Dawa yenyewe inachomwa sindano. Nikanyoosha mkono. Akasema si mkononi. Nikauliza wapi. Nilipojibiwa niliwaza kukimbia, lakini mama watoto alikuwa amekaa upande wa mlango, na nadhani hakukaa pale kwa bahati. Wananichoma ndani ya jicho, Mama Bisibisi, mtu akiwa macho kabisa, na naambiwa bado nitarudi mara kadhaa. Daktari hakunidanganya. Kilichokwenda huenda kisirudi, ila kilichobaki kinaweza kushikwa. Mistari imeanza kutulia kidogo. Doa lipo.

Binti alipiga Jumapili ile. Nikamwambia niko salama. Akasema, "Baba, usinijibu kama mimi."

Hapo nilishindwa. Nilimwambia yote, na yeye akaniambia yake, kwamba alikuwa anajua ninakosa na akawa anakosa makusudi. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa sindano. Mwanangu alikuwa ananiona naanguka, akawa analala chini yangu nisiumie. Nilitaka kumgombeza, nikakumbuka ni mimi niliyemlea hivyo, mkubwa hakosolewi. Adabu niliyomfundisha ilikuwa inanila jicho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba mgonjwa anaweza kufichiwa na watu wanaompenda. Sasa tumewekeana sharti. Jumamosi tukicheza nafumba la kulia, natumia la kushoto ambalo halijui kulenga, na yeye ananiambia kila mshale ulikoangukia bila kunionea haya. Tunapoteza ngome kihalali. Na kwa simu ya kawaida siku hizi hasemi yuko salama mpaka nimuulize mara ya pili.

Kadi ya zamani nimeitoa kwenye bahasha nikaitazama. Tuliisingizia bure. Mpya ibaki, nimeshazizoea ndevu za maadui.

Nimebakiza moja, nalo ndilo gumu.

Nilimfuata Kifusi kazini. Ukuta ule niliomwamuru abomoe bado ni lundo la matofali, mwenye nyumba anapita akiuliza, Kifusi anajibu kwamba alikosea yeye. Anasema hivyo mbele yangu, Mama Bisibisi, na anaendelea kuchanganya udongo. Nikamwambia habari ya jicho. Nikamuuliza uzi wake siku ile ulisema nini. Akasema ulisema wima. Nikamuuliza basi mbona alibomoa, mtu mzima, fundi, na uzi anauona kwa macho mawili yaliyo sawa. Alinitazama kama nimemuuliza swali la kitoto.

"Wewe si ni Timazi," akasema.

Nilivua shati la kutembelea, tukaunyanyua ule ukuta upya, mimi na yeye, mpaka kimo cha kifua. Nilipofika pale ambapo kwa kawaida narudi nyuma hatua chache na kufumba jicho, watu wote waliacha kazi wakanisubiri. Nilimwomba Kifusi uzi wake. Nilishika juu, akashika chuma kisiyumbe, akakiachia. Kilipotulia aliinua macho kwangu, kwa mazoea, na kuniuliza umekaaje.

Nikamwambia, "Sema wewe."

Ni mimi,
mwashi